Jenerali na Mama Yake Onno

Celle, 6 Septemba 1953

Mpendwa dada Gesine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bata wako. Mimi sijambo, ila tumbo ni lile lile, na Bi Sperling mwenye nyumba anaamini kwamba tumbo la mwanamume huponywa kwa kabichi. Niliwahi kuzingirwa na adui nikala vizuri kuliko ninavyokula hapa.

Sasa habari njema. Sura ya kwanza ya kitabu changu imekamilika, na nakutumia nakala pamoja na vichwa vya sura zitakazofuata. Mchapishaji anasema wasomaji wanataka maisha ya askari wa kweli, aliyeingia shule ya kadeti akiwa mtoto wa miaka kumi na kuishia jenerali, yaelezwe bila majigambo. Nimejitahidi kuyaondoa majigambo. Soma uniambie kama yamebaki.

La pili, Bwana Poppinga, mwenyekiti wa kijiji, ameniandikia. Jiwe la kumbukumbu ya vijana wa Osterwarf waliokufa vitani liko tayari, na wananiomba nije Novemba kulifunua na kuyasoma majina mbele ya watu. Nimekubali. Litoe koti jeusi la marehemu baba ulianike, nondo wasije wakanitangulia jukwaani.

Kaka yako,
Ulfert


Osterwarf, 19 Septemba 1953

Kaka Ulfert,

Sisi huku tuzima. Viazi mwaka huu vimetoka vidogo kama vifungo, goti langu linatabiri mvua kuliko redio, na bata wanakusalimu. Koti la baba liko kambani. Nondo walikwisha kula kwapa la kulia, kwa hiyo ukihutubia usiinue mkono huo. Na kwa kweli ni vyema mkono huo usiinuliwe tena na mtu yeyote.

Sura yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka hadi nikamwaga chai. Unasema ulipokuwa na miaka minane ulijitosa kwenye mfereji wa nyuma ya kanisa ukamwokoa mbwa wa mchungaji. Kaka, nilikuwapo. Mbwa alitoka mwenyewe akajikung'uta. Aliyekuwa anazama ni wewe, na aliyekuvuta kwa reki ya majani makavu ni mimi, nikiwa na miaka sita. Kama kitabu kinahitaji shujaa katika ukurasa wa tano, naomba niandikwe mimi.

Nimevisoma pia vile vichwa. Urusi umeipa sura nne: theluji, tope, theluji tena, halafu "Baridi Isiyo na Huruma". Hivi hakuna hata siku moja mlishindwa na watu?

Nisamehe, najua hupendi kutaniwa kabla ya chakula. Ngoja niseme linalonikera. Nimepita kwa fundi kulitazama jiwe. Majina yamechongwa vizuri, lakini moja halimo. Ni la Onno Harbers, mtoto wa Tomma, mjane wa mhunzi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Poppinga anasema jiwe ni la waliouawa na adui, na Onno alipigwa risasi na jeshi letu wenyewe kwa kutoroka, Machi ya arobaini na tano, huko kwenye mto Rhine. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Machi ile jenerali wa huko Rhine ulikuwa wewe. Jina hilo unalikumbuka?

Dada yako,
Gesine


Celle, 20 Oktoba 1953

Mpendwa dada,

Uniwie radhi kwa kuchelewa. Nimekuwa na mafua, kisha Bi Sperling akapaka rangi chumba changu nikalazimika kulala sebuleni chini ya picha ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa sajini na bado ananitazama kama anasubiri amri.

La mbwa nimelirekebisha. Sasa nimeandika kwamba "tulisaidiana". Hali ya hewa siwezi kuiondoa, kwa sababu ilikuwapo. Waulize vidole vyangu viwili vya mguu vilivyobaki kule. Sura ya Flanders, ya vita vya kwanza, imekwisha, nayo nakutumia.

Hotuba nimeiandaa, ni fupi. Treni yangu itafika Jumamosi ya tarehe 14 Novemba, jioni. Usipike kabichi.

Kuhusu lile jina, elewa kwamba katika wiki zile za mwisho nilikuwa na maelfu ya watu chini yangu, wanarudi nyuma kila saa, na makaratasi yalipita mezani kama majani ya vuli. Mtu hawezi kuyakumbuka yote.

Wako,
Ulfert


Osterwarf, 25 Oktoba 1953

Kaka,

Pole kwa mafua. Huku ng'ombe mmoja wa kijijini amezaa mapacha, na mchungaji wetu mpya anahubiri muda mrefu kiasi kwamba Bibi Wiltje huenda na soksi zake za kufuma kanisani.

Sura ya Flanders ni nzuri, na sisemi kwa kejeli. Nimefurahi kujua kwamba mwaka wa kumi na saba, Alhamisi moja yenye ukungu, ulikunywa supu ya dengu iliyokosa chumvi, na kwamba farasi wako aliitwa Mirabelle na alichechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Una kumbukumbu ya ajabu. Miaka thelathini na sita imepita na hujasahau chumvi. Basi sitaki kusikia habari za majani ya vuli.

Nitakwambia nilivyolipata jambo hili. Wiki majina yalipotangazwa nilikwenda kwa Mama Onno. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia, "Usijali, nitamwandikia kaka yangu. Yeye ni mtu mkubwa, atamsemea mtoto wako."

Akaendelea kumenya. Akasema, "Kaka yako anamjua Onno. Alimwekea saini."

"Saini gani?"

"Ile ya mwisho, Gesine."

Folkert wa kinu cha unga ndiye aliyemwambia. Alikuwa karani katika mahakama yenu ya kijeshi, akarudi kutoka utekwani mwaka wa arobaini na saba. Onno alikutwa barabarani nyuma ya mstari wa vita bila karatasi ya ruhusa, akahukumiwa asubuhi, jioni hukumu ikaletwa kwako, kesho yake akauawa. Nilimwuliza Mama Onno kwa nini hakuniambia miaka yote hii, nami niko jikoni mwake kila siku. Akasema, "Ungeona aibu, ukaacha kuja kunywa chai."

Sikwambii usije, kaka. Koti limekwisha shonwa. Nakuomba tu usije kama mtu asiyejua.

Gesine


Celle, 4 Novemba 1953

Dada Gesine,

Afya si mbaya.

Karatasi zile zilikuwa na mahali pa kuandika alikozaliwa mhukumiwa. Palikuwa pameandikwa Osterwarf. Nilipasoma.

Nakuja Jumamosi ile niliyosema.

Ulfert


Osterwarf, 22 Novemba 1953

Kaka Ulfert,

Umekuja na umekwenda, na soseji ulizoacha kwenye sahani wamezila bata. Sikutarajia mtu aliyepigana vita viwili akimbie chakula cha mchana. Ni wiki sasa na hujaniandikia hata neno la kusema ulifika salama, kwa hiyo naandika mimi, maana kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa umelitazama jiwe muda wote.

Ulipolivuta lile pazia, watu walipenda. Sauti yako bado ni ya uwanjani. Ukasoma majina kwa alfabeti, ukafika kwa Haneborg, ukanyamaza. Nilidhani ni mafua. Kisha ukasema "Onno Harbers", kwa sauti ile ile, kama lilikuwa limechongwa hapo, ukaendelea na Janssen. Poppinga alitazama karatasi yake, akatazama jiwe, akageuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu. Mpiga tarumbeta alishtuka akaanza wimbo kabla hujafika kwa Janssen wa pili. Wale wazee wa chama cha askari wa zamani waliondoka wakiwa wamejipanga mstari, isipokuwa Harm, ambaye miguu yake mibovu haikumruhusu kukasirika haraka.

Mama Onno alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango la makaburi, na shali yake ya kijivu. Niliona ulivyokwenda kwake ukavua kofia. Ukasema neno, naye akajibu, kisha akakuuliza kitu. Wewe ukatikisa kichwa. Basi ukageuka rangi ukaenda zako stesheni kwa miguu, katika mvua, na mwavuli wako ukining'inia mkononi umefungwa.

Nimemwuliza alikuuliza nini. Amesema, "Mwulize mwenyewe, ni ndugu yako." Basi nakuuliza.

Tangu siku ile mwenye bucha ananikatia vipande vya mafuta tupu, na mke wa Poppinga akiniona anavuka barabara. Usijali, barabara ni nyembamba, bado tunasikiana.

Gesine


Celle, 9 Desemba 1953

Mpendwa dada,

Nilifika salama. Samahani kwa soseji na kwa bucha.

Nilimwambia Mama Onno kwamba aliyetia saini ni mimi. Akasema, "Najua. Hilo sikuulizi." Kisha akauliza, "Alikuwa na viatu?"

Sikuelewa. Akanieleza, taratibu, kama unavyomwelekeza mgeni njia. Alikuwa amesikia kwamba siku zile za mwisho, kwa kuwa viatu vilikuwa haba, waliohukumiwa walivuliwa kwanza ili wapewe wengine. Onno tangu utotoni miguu yake ilikuwa ikipasuka kwa baridi. Alitaka kujua tu kama walimpeleka pekupeku.

Gesine, sikujua. Nimeandika karibu kurasa mia tatu. Najua ni kikosi gani kilisimama upande gani wa mto upi, na najua uzito wa madaraja yote tuliyoyalipua. Hukumu ile niliitia saini mezani, wameondoa supu hawajaleta nyama, mbali sana na mahali penyewe. Nikakabidhi, nikala.

Kitabu nimekisimamisha. Mchapishaji ameandika mara mbili, sijamjibu. Namtafuta mchungaji wa jeshi aliyekuwa na divisheni ile wakati ule. Jina lake ni Weidenbruch. Kama yu hai, yeye ndiye aliyekuwapo.

Krismasi sitakuja. Mle bata kwa niaba yangu.

Ulfert


Osterwarf, 17 Januari 1954

Kaka,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Bata hatukumla, nimeshamzoea. Tulikula samaki, mimi na Mama Onno, na baada ya hapo tukanywa chai na sukari ya mawe mpaka meno yakalalamika.

Nimesikia unamwandikia kila mchungaji kutoka bahari ya kaskazini hadi milimani. Ndugu wa mchungaji wetu mpya, Ennen, ni mchungaji huko Kassel, naye alipata barua yako. Anasema imeandikwa kama amri ya shambulio: namba ya kikosi, tarehe, mahali, na mwisho "jibu linatakiwa mara moja". Watu wa Mungu hawajibu mara moja, kaka. Jaribu kusema "tafadhali". Ni neno fupi na halijawahi kumvunja mtu mbavu.

Baraza la kijiji limekutana. Wameamua jiwe libaki lilivyo. Lakini mchungaji Ennen Jumapili iliyopita aliyasoma majina kanisani, na Onno akawamo. Mama Onno hakulia. Alikaa wima tu, kama mtoto anayeitwa katika daftari la shule na kutakiwa kuitika. Mke wa Poppinga alikohoa sana.

Usikichome kitabu. Najua tabia yako, ukiudhika na kitu unakichoma. Kiweke. Ile sura ya mbwa bado ina uongo mmoja wa kurekebishwa.

Gesine


Celle, 11 Machi 1954

Mpendwa dada,

Nimesema "tafadhali", na imefanya kazi. Weidenbruch yu hai. Ana parokia ndogo kwenye vilima vya Hunsrück na anafuga nyuki. Nilikwenda kwake wiki iliyopita. Ni mwembamba, ana kikohozi, na hakunikaribisha ndani mpaka alipomaliza kuniangalia.

Alikuwa na Onno usiku wote ule, na asubuhi pia. Anakumbuka kila kitu. Ananikumbuka na mimi, maana kumbe alipiga simu makao makuu yangu kuomba hukumu isimamishwe, akaambiwa jenerali yuko mezani. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anasafisha mzinga wa nyuki huku akisema.

Anajua pia alipozikwa. Ni katika shamba la matunda, chini ya ukuta, nje ya kijiji kidogo kilicho karibu na parokia yake.

Haya mengine sitakuandikia. Nitakuja kumwambia mwenyewe. Usimtayarishe, usioke keki.

Ulfert


Osterwarf, 4 Aprili 1954

Kaka Ulfert,

Keki nilioka, na nimeila mwenyewe kwa wiki nzima. Umefika kijijini asubuhi, umeingia kwa jirani yangu, umetoka mchana, ukapita mbele ya dirisha langu ukapunga kofia kama tarishi. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani.

Sina hasira. Niliuona uso wako.

Ulipoondoka sikwenda kwake. Nilisubiri aje, na kesho yake alikuja. Alikaa, akanywa kikombe cha kwanza na cha pili. Cha tatu akasema, "Gesine, kaka yako anajua kukaa kimya akiambiwa. Sikulidhani." Sijui ulimwambia nini, wala sijui jibu la viatu. Nilijaribu kuuliza kwa kuzungukazunguka, akanihamishia habari za kuku.

Lakini ana ujumbe kwako, na alinitaka niuandike kama alivyousema. Anakwenda kwenye kaburi la Onno Mei, barabara zikikauka. Hajawahi kupanda treni kupita Oldenburg, na mkoba wake ni mzito kwa sababu anapeleka udongo wa bustani yake na miche. Amesema, "Mwambie jenerali aje kunibebea mkoba."

Nikamwuliza, "Una hakika unamtaka yeye? Naweza kukusindikiza mimi."

Akasema, "Wewe una goti. Na tena, yeye ndiye aliyempeleka Onno kule. Ataniongoza njia."

Haya, Bwana Jenerali. Nadhani hii ndiyo amri ya kwanza kupewa tangu Waingereza walipokufungulia lango la kambi ya mateka. Vaa viatu imara, na usimweleze habari za madaraja.

Gesine


Hunsrück, 16 Mei 1954

Mpendwa dada,

Naandika katika chumba cha wageni kwa Weidenbruch. Mama Onno amelala. Sote wazima, mgongo wangu tu ndio unalalamika, maana udongo wa Osterwarf, ukiubeba kwa kubadilisha treni mara tano, ni mzito kuliko ulivyo shambani.

Ulitaka nisizungumzie madaraja. Tulipovuka Rhine alitazama nje akauliza, "Hili ni jipya?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "La zamani liliharibiwa na nani?" Nikasema, mimi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe ulikuwa na kazi nyingi kweli," akanikatia nusu ya mkate wake wenye jibini. Sikujua kama ananitania. Nadhani anajifunza kwako.

Mhudumu mmoja wa treni aliniuliza kama mimi ni mume wake. Mama Onno akajibu kabla yangu: "Hapana, huyu ni mbebaji." Kijana akaniambia niushushe mkoba kutoka kitini. Nikaushusha.

Unauliza la viatu. Hilo mwulize yeye. Weidenbruch alinipa mimi, nami nimempa mwenye nalo, si langu tena kumgawia mtu, hata wewe.

Kitabu hakitatoka. Nimemwandikia mchapishaji kwamba sikuwapo mahali palipotakiwa kuelezwa. Hakuelewa, ananiuliza kama ni suala la afya.

Asubuhi ya leo tulikwenda shambani. Ni mitufaha tu, bado ina maua, na ukuta wa mawe umeanguka upande mmoja. Weidenbruch alitangulia kumwonyesha mahali, akarudi. Nilikuwa nimebeba mkoba na jembe dogo, nikidhani nitachimba mimi. Langoni Mama Onno akavipokea vyote viwili. Akaniambia, "Wewe simama hapa."

Akaenda peke yake. Alipiga magoti, akachimba, akamwaga udongo wake, akapanda miche, na muda wote alikuwa akizungumza, si kwa huzuni, bali kama mtu anayemweleza mwanawe mambo ya nyumbani yaliyotokea akiwa safarini. Nilisikia jina lako likitajwa mara moja, akacheka. Jua likapanda, koti la baba likanichoma mabega. Weidenbruch akaniletea kiti kutoka nyumba ya jirani, nikamwambia asante, sikai.

Nilisimama pale nilipoambiwa nisimame, mpaka Mama Onno aliponiita.

Kaka yako,
Ulfert